Saa ya Kubadili Mlinzi

Ulinzi ni kazi isiyoonekana ila inapokosekana. Mwashi hujulikana kwa nyumba aliyoisimamisha, na mshoni kwa kanzu aliyoishona. Lakini mlinzi hana cha kuonyesha asubuhi isipokuwa kwamba hapana lililotokea. Mwenye nyumba huamka akakuta mlango umefungwa na mali iko mahali pake, akadhani kuwa usiku umepita kwa salama yake wenyewe. Shukrani humfikia mlinzi mara chache. Lawama ikimfikia mara moja humtosha maisha.

Katika zama hizi ametokea mlinzi wa namna nyingine, asiye na rungu wala tochi. Huyu ni programu ya uangalizi, ambayo huwekwa katika seva, yaani kompyuta zinazozitumikia kompyuta nyingine. Kila dakika, na pengine kila baada ya sekunde 15, huipitia kila mashine iliyo chini ya ulinzi wake na kuiuliza hali. U hai? Diski yako imejaa kiasi gani? Joto lako limepanda? Wanaokuja kwako kutaka huduma hungoja muda gani kabla ya kujibiwa? Jibu likipindukia mpaka uliowekwa, au jibu lisipokuja kabisa, hupiga kengele katika simu ya fundi wa zamu. Nagios, iliyotolewa mwaka 1999 kwa jina la NetSaint, ni mmoja wa walinzi hao. Zabbix, ya mwaka 2001, ni wa pili. Na Prometheus, iliyoanzwa mwaka 2012 katika kampuni ya SoundCloud mjini Berlin, ni wa tatu. Wengine ni wengi.

Lakini mlinzi naye ni kazi ya mikono ya watu. Ana kasoro zake, huzeeka, na waliomtengeneza hutoa matoleo mapya ya kumrekebisha. Siku ya kumbadili ikifika, aghalabu hapana budi asimamishwe kwanza, na akisimamishwa nyumba haina macho. Hapo ndipo penye mtihani wa kazi hii. Seva nyingine yoyote ikisasishwa, mlinzi huitazama. Mlinzi mwenyewe akisasishwa, ni nani amtazamaye?

Wako wasemao kwamba mlinzi asiyelalamika asiguswe. Huona kwamba programu imekaa miaka mitano bila ya kuleta taabu, na kwamba kuigusa ni kuialika taabu hiyo. Hoja hii ina uzito, lakini imejengwa juu ya dhana kwamba kimya cha mlinzi ni dalili ya amani. Yaliyotokea tarehe 14 Agosti, mwaka 2003, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, yaonyesha hatari ya dhana hiyo.

Siku ile, katika chumba kimoja cha kuongozea umeme, programu iliyokuwa ikiwapigia waongozaji kengele iliacha kufanya kazi baada tu ya saa 8.14 mchana. Haikulia wala haikuaga. Vioo vya kompyuta viliendelea kuwaka, na waongozaji, kwa kuwa hawakusikia kengele, waliamini kwamba hapana la kushtua. Saa 8.41 seva iliyobeba programu hiyo ilianguka, na seva ya akiba ikashika kazi. Lakini kwa kuwa ilirithi kazi pamoja na ugonjwa wake, nayo ilianguka saa 8.54, dakika 13 baadaye. Mafundi wa kompyuta waliziinua seva tena, wakaona zimesimama. Kengele yenyewe ilikuwa ingali imekufa. Saa 9.05 njia kubwa ya umeme iligusa mti ikakatika. Saa 9.32 ilifuata ya pili, na saa 9.41 ya tatu. Baada ya saa 10.10 alasiri watu wapatao milioni 50 katika Marekani na Kanada walikuwa hawana umeme. Wahenga walisema: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Baadaye ilitambulikana kwamba kasoro ilikuwa imejificha ndani ya programu ya kengele, ikingoja tukio la nadra la kuiamsha. Kasoro za namna hii ndizo zinazoondolewa na matoleo mapya, na mtu akataaye kila toleo jipya huendelea kukaa nazo nyumbani bila ya kujua chumba zilimolala. Siku ileile palikuwa na jambo jingine la kuzingatiwa. Chombo cha uangalizi cha ofisi iliyosimamia umeme wa eneo pana zaidi kilikuwa kimeondolewa katika mwendo wake wa kujiendesha kila dakika 5 ili kirekebishwe. Kilirekebishwa vizuri, lakini mwendo ule ulisahauliwa kurudishwa. Mlinzi alitibiwa akapona, akaachwa kitandani.

Upande wa pili wako watu wa pupa, ambao kila toleo jipya huliona zawadi, wakalitia katika seva zote siku lilipotoka. Hawa nao wamepewa mafunzo. Mwaka 2020 ilidhihirika kwamba wavamizi walikuwa wamejipenyeza kwa siri katika karakana ya watengenezaji wa Orion, programu ya uangalizi ya kampuni ya SolarWinds, wakatia sumu yao ndani ya matoleo yaliyotolewa kati ya Machi na Juni mwaka huo. Matoleo hayo yalikuwa na muhuri halali wa kampuni. Kwa makadirio ya kampuni yenyewe, wateja wanaokaribia 18,000 waliyapokea, na wizara za serikali ya Marekani zilikuwamo. Sumu ilikaa kimya hadi majuma mawili ndani ya mashine kabla ya kuanza kazi yake. Programu iliyopewa ruhusa ya kutazama kila pembe ya nyumba ndiyo iliyomwonyesha mwizi pembe hizo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Miaka minne baadaye, tarehe 19 Julai 2024, haikuwa sumu wala mwizi. Ilikuwa kasoro ya hesabu. Programu ya Falcon ya kampuni ya CrowdStrike, ambayo huzitazama kompyuta ili kuzilinda na wavamizi, ilipelekewa faili ndogo ya maelezo mapya. Programu ilitazamia sehemu 20 katika maelezo hayo. Maelezo yalidai sehemu 21. Katika kuitafuta sehemu ya 21 isiyokuwapo, programu iliiangusha kompyuta nzima iliyokuwa ikiilinda. Faili iliondolewa baada ya dakika 78, lakini kwa makadirio ya Microsoft kompyuta za Windows milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuanguka, na nyingi zilihitaji kuinuliwa kwa mkono, moja baada ya moja. Safari za ndege zilifutwa, hospitali ziliahirisha matibabu, na benki zilisimama. Faili ile ilikuwa imepelekwa kwa wote kwa pamoja. Lau ingalipelekwa kwanza kwa kompyuta mia, zingalianguka mia.

Basi kukataa ni hatari, na kupapia ni hatari. Kati ya hatari mbili hizi ndipo inapopita njia ya fundi mwenye busara. Njia hiyo haifanani kwa mtu mwenye seva moja na kwa mtu mwenye kundi la seva zinazofanya kazi kama moja, kundi ambalo mafundi huliita klasta.

Na aangaliwe kwanza mwenye seva moja. Mathalan hospitali ya wilaya ina seva moja tu ya uangalizi. Seva hiyo huzitazama kompyuta za daftari la wagonjwa, jenereta ya dharura, na kipimajoto kilicho ndani ya jokofu la damu. Chembe nyekundu za damu zilizowekwa kwa ajili ya wagonjwa hutakiwa zikae katika nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi. Jokofu likiharibika usiku na kengele isilie, damu itakayotolewa asubuhi kwa mzazi anayevuja haitafaa, na wala rangi yake haitasema kwamba haifai. Kidole kimoja hakivunji chawa. Seva moja haiwezi kubadilishwa na kulinda katika dakika ileile. Kwa hiyo fundi wa hospitali hana njia ya kuuondoa muda wa upofu. Aliloachiwa ni kuufupisha, kuutangaza, na kuujaza.

Kuufupisha ni kujitayarisha kabla. Fundi husoma maelezo ya toleo jipya tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ndani yake huwamo jambo moja dogo lililobadilishwa ambalo litamkwamisha asipolijua. Hulijaribu toleo hilo katika kompyuta ya pembeni, juu ya nakala ya hifadhidata yake, akapima kazi itachukua muda gani. Kisha huchukua nakala ya akiba ya hifadhidata na ya faili za mipangilio, akahakikisha kuwa nakala hiyo yafunguka, kwa maana nakala ambayo haijapata kufunguliwa ni tumaini tu. Zabbix, kwa mfano, ikiwashwa kwa toleo kubwa jipya huigeuza hifadhidata yake yenyewe ikae kwa mpango mpya, na mgeuko huo hauna njia ya kurudi. Atakaye kurudi nyuma hana mlango ila nakala aliyoiweka.

Kuutangaza ni kuwaambia watu saa ambayo macho yatafumbwa. Waongozaji wa Ohio hawakuwa wazembe kwa kutotazama. Hawakujua kwamba waliyemtegemea kutazama amekufa. Lau wangalijua, wangaliweza kupiga simu, kuuliza na kutazama kwa macho yao. Upofu unaojulikana una dawa, na dawa yake ndiyo kuujaza: muuguzi wa zamu huombwa asome kipimajoto cha jokofu kila nusu saa na kuandika katika karatasi hadi aambiwe kuwa mlinzi amerudi. Kazi ya karatasi na kalamu hudharauliwa na wapenda mashine, lakini saa ile ndiyo uangalizi pekee uliopo.

Hata mashine nazo huweza kusaidia kuujaza. Zabbix ina wasaidizi waitwao proksi, ambao hukusanya habari mahali pa mbali na kuzipeleka kwa seva kuu. Seva kuu ikisimama, proksi huzishika habari mkononi na kungoja. Lakini isipoamriwa vingine, huzishika kwa muda wa saa 1 tu; zilizopita muda huo hutupwa. Fundi ambaye hakupima muda wa kazi yake, na hifadhidata yake ikachukua saa 3 kugeuka, atakuta daftari lake lina pengo la saa 2 ambalo hapana awezaye kulijaza. Pengo kama hilo huwa na mazoea ya kuangukia palepale patakapoulizwa baadaye.

Kazi ikiisha, mtu hushawishika kutazama kioo, kuona taa za kijani, na kwenda kulala. Taa ya kijani husema kwamba programu imesimama. Haisemi kwamba kengele italia. Ushahidi wa kengele ni mlio wake. Fundi mwangalifu husababisha hitilafu ndogo kwa makusudi, kama kuizima huduma isiyo na mtumiaji, akangoja simu yake ilie. Isipolia, kazi haijaisha. Vilevile huzitazama kengele alizozinyamazisha ili afanye kazi kwa utulivu. Katika chombo cha kengele cha Prometheus, kiitwacho Alertmanager, hapana kimya kinachowekwa pasipo kuandikiwa saa ya kukoma. Waliouweka mpango huo waliijua tabia ya binadamu: akumbukaye kuzima ni mmoja na asahauye kuwasha ni mwingine, ijapokuwa wote wawili ni mtu yuleyule kabla na baada ya kuchoka.

Mwenye klasta amejaliwa neema ambayo mwenye seva moja hana. Walinzi wake ni kadha wa kadha, na aweza kuwabadili mmoja mmoja huku wengine wakiendelea kulinda. Lakini neema hii ina hesabu yake. Katika klasta nyingi uamuzi hupitishwa kwa wingi wa wanachama: wakiwa watatu, wawili ni wingi, wakiwa watano, watatu ni wingi. Klasta ya watatu yaweza kumkosa mmoja ikaendelea. Ikiwakosa wawili, yule mmoja aliyebaki, ajapokuwa mzima wa afya, hunyamaza, maana hawezi kujua kama wenzake wamekufa au yeye ndiye aliyetengwa. Kwa hiyo fundi akimtoa mmoja kumbadili, amekwisha kuitumia ruhusa yote ya kukosa aliyokuwa nayo. Ajali ndogo katika muda huo huwa ajali kubwa.

Ndiyo sababu kazi ya klasta yataka subira kuliko maarifa. Katika Elasticsearch, ambayo wengi huitumia kuhifadhi habari za uangalizi, mwanachama mmoja husimamishwa, husasishwa, hurudishwa. Kisha fundi hungoja hadi nakala zote za habari zimerudi mahali pake na hali ya klasta imekuwa kijani, ndipo amguse wa pili. Wale wanaostahili kuchaguliwa kuwa wakuu huachwa mwisho. Kungoja huko kwaweza kuchukua saa nzima kwa kila mmoja, na wakati wote huo mkono huwasha kutaka kuendelea. Mwenye haraka humgusa wa pili kabla wa kwanza hajakaa sawasawa, na kwa kitendo hicho kimoja huigeuza klasta yake kuwa kitu dhaifu kuliko seva moja.

Tena wingi wa walinzi si wingi wa usalama katika kila jambo. Tangu toleo la 6.0 la mwaka 2022, Zabbix imeweza kuendeshwa kwa seva kadha ambapo mmoja hufanya kazi na wengine hungoja zamu. Lakini wote huandika katika hifadhidata moja. Toleo kubwa likija, hapana budi wote wasimamishwe, mmoja aigeuze hifadhidata mpaka amalize, kisha wengine wasasishwe na kurudi. Kwa siku hiyo mwenye klasta ni sawa na fundi wa hospitali. Naye atafute muuguzi na karatasi. Na wale walinzi wawili wa Ohio wapaswa kukumbukwa hapa: wa pili alikuwa nakala halisi ya wa kwanza, basi lililomuua wa kwanza lilimuua na wa pili. Walinzi walionyonya ziwa moja hulala usingizi kwa dawa moja.

Pana njia nyingine, nayo ni ya gharama: kumwajiri mlinzi mpya kabla ya kumwachisha wa zamani, wakalinda pamoja kwa muda. Prometheus ilipotoa toleo lake la 2.0, Novemba mwaka 2017, lilikuja na mpango mpya wa kuweka habari, na halikuweza kusoma daftari za toleo la kwanza. Wengi walimwacha mzee akae kando ya kijana: mpya akakusanya habari za leo, na alipoulizwa za jana akamwuliza mzee. Prometheus huweka habari kwa siku 15 isipoamriwa vingine. Basi muda huo ulipopita, mzee hakuwa tena na la kukumbuka ambalo kijana halijui, akapumzishwa kwa heshima. Usiache mbachao kwa msala upitao. Faida ya kuwaweka pamoja haiishi katika habari za kale. Walinzi wawili wakitazama mlango mmoja, mmoja akasema umefungwa na mwingine akasema u wazi, tofauti yao hujulikana mapema, kabla ya mwizi kuitumia.

Wako pia walinzi wadogo, waitwao mawakala, ambao hukaa ndani ya kila seva inayolindwa na kupeleka habari kwa mkuu wao. Hawa huwa mamia au maelfu, na wingi wao ndio unaomtia fundi katika tamaa ya kuwabadili kwa amri moja. Desturi njema ni mkuu abadilishwe kwanza, maana mkuu mpya kwa kawaida huielewa lugha ya wakala wa zamani, lakini mkuu wa zamani hakuahidi kuielewa lugha ya wakala mpya. Kisha mawakala hubadilishwa kwa mafungu: fungu dogo katika seva ambazo kuanguka kwake si msiba, halafu kungoja, halafu fungu kubwa zaidi. Mpango wa Kubernetes, ambao huendesha kazi za seva nyingi, usipoamriwa vingine huwabadili mawakala wa namna hii mmoja kwa wakati mmoja. Mpango huo huonekana mzito kwa mwenye haraka. Kompyuta milioni 8.5 za mwaka 2024 zinaueleza vema zaidi ya kitabu chochote.

Linabaki lile swali la mwanzo: mlinzi akibadilishwa, ni nani amtazamaye? Mafundi wa Prometheus wamelijibu kwa hila rahisi. Huweka kengele moja ambayo hulia daima, mchana na usiku, pasipo hatari yoyote, na mlio wake hupelekwa kwa chombo kingine kilicho nje ya nyumba. Chombo hicho kina kazi moja tu: kungoja mlio huo, na kupiga yowe usiposikika. Hivyo kimya, ambacho katika Ohio kilidhaniwa kuwa amani, hapa hugeuzwa kuwa ndicho kengele. Mlinzi aliyekufa hawezi kusema kwamba amekufa. Lakini aliyezoea kumsikia aweza kusema kwamba hamsikii.

Kazi hizi hufanywa mara nyingi usiku wa manane, kwa hoja kwamba watumiaji wamelala. Ni kweli kwamba wamelala. Lakini amelala pia mwenzake fundi ambaye angemkumbusha kilichosahauliwa, na nusu ya akili ya fundi mwenyewe imelala. Mashine iliyo na walinzi wengi hubadilishiwa walinzi vizuri zaidi asubuhi ya siku ya kazi, wenye ujuzi wakiwa karibu na chai wamekwisha kunywa. Mwenye seva moja hana uhuru huo sikuzote, na kwake usiku ni wa lazima. Basi na aukabili akiwa na mtu wa pili wa kumsomea hatua zilizoandikwa, moja baada ya moja, na kutia alama katika kila iliyokwisha.

Mwisho wa kazi, ikifanywa vema, hapana atakayejua kwamba ilifanywa. Daktari atafungua daftari la wagonjwa, atalikuta. Muuguzi ataipa damu mishipa inayoihitaji, naye hatakuwa na sababu ya kuwaza habari za toleo na hifadhidata. Fundi atachukua karatasi ya joto la jokofu, iliyoandikwa kwa mkono usiku kucha kila nusu saa, ataiweka katika jalada pamoja na tarehe. Ndani ya daftari la mashine patakuwa na pengo la muda ule. Ndani ya jalada, pengo hilo limejaa.